Kitambaa Nilichokiokota Kwenye Pipa la Vumbi

Kosa ni langu. Nalisema mapema, usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia udhuru kama nilivyojitafutia mwenyewe miaka na miaka. Hakuna aliyenitia maneno. Hakuna aliyenichochea. Nilikaa na akili zangu timamu nikamdhania mama wa watu uchawi, kisha nikatoka kwangu kwa miguu yangu nikaenda kumwambia mbele ya watu. Na mama huyo ni nani? Mama mkwe wangu!

Jina langu silitaji. Ya wengine nimeyabadilisha, maana wako hai na mji wetu ni mdogo, mtu akipiga chafya mtaa wa Kibokoni huambiwa "afya" mtaa wa Kuze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Kibokoni katika nyumba aliyoniachia marehemu baba, nyumba ya ghorofa moja yenye kuta nene. Chini nilifanya karakana. Juu tulikaa mimi na mke wangu, nimwite Zuhura. Katikati ya nyumba mulikuwa na uwazi mwembamba unaopanda kutoka chini mpaka paani, wa kuleta hewa na mwanga, kama nyumba nyingi za kizamani zilivyo. Ukumbuke uwazi huo.

Kazi yangu ilikuwa milango na fremu. Ndugu yangu aliyekuwa Dubai aliniletea mashine ya kukata pembe, ule msumeno wa umeme wa duara unaoushusha kwa mkono ukakata ubao kwa pembe uitakayo. Lo, nilijiona mfalme! Kazi iliyonichukua asubuhi nzima na msumeno wa mkono ikawa ya muda wa kikombe cha chai. Pembe za fremu zikakutana hata unywele haupiti.

Lakini vumbi, jamani! Msumeno wa mkono huangusha unga miguuni pako, ukafagia ukamaliza. Mashine ile iliurusha nyuma kwa nguvu, ukutani, darini, machoni, kwenye kikombe. Na mbao nyingi nilizokata zilikuwa mvule. Anayeufanyia kazi mvule anaujua unga wake. Huwasha pua, huwasha shingo, ukiingia kifuani utakohoa mpaka machozi yakatoka.

Mkabala na mlango wangu palikuwa na baraza ambapo wazee walikunywa kahawa baada ya alasiri. Siku moja mmoja wao, Mzee Athmani, akanambia akicheka, "Fundi, leo kahawa yetu umeitilia mvule badala ya tangawizi."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Hiyo ndiyo tabia yangu, na lazima uijue ndipo uelewe yaliyofuata. Mtu akinifanyia mzaha, mimi hulala nikiuliza ana nini nyuma ya mzaha wake. Nikajisadikisha kwamba wazee wale wanataka kunishitaki kwa manispaa nifungiwe karakana. Mzee wa watu alikuwa anataka kahawa yake tu!

Basi nikaamua kulikamata vumbi lisitoke. Nilitengeneza kwa mikono yangu, na mpaka leo nasema kazi ilikuwa nzuri. Nyuma ya msumeno niliweka sanduku la mbao nyembamba, wazi upande wa mbele, pana kiasi cha kuumeza unga wote unaorushwa. Kando zake nikaning'iniza vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, ili ubao upite lakini vumbi lisirudi. Chini ya sanduku nikatoboa, nikaunga bomba la plastiki lile la maji machafu. Bomba likaingia kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, na juu ya pipa likatoka bomba jingine mpaka kwenye mashine kuukuu ya kufyonza vumbi niliyoipata Ganjoni kwa mtu aliyekuwa akihama.

Mashine hiyo ikivuta, unga mzito na vipande huanguka ndani ya pipa. Ule mwepesi hupita mpaka kwenye mfuko wa mashine, ukanaswa humo. Mfuko wake ulikuwa umechanika, nikashona mwingine kwa marekani, kile kitambaa cha pamba, nilichokuwa nacho nyumbani. Nikaona kimenitosha.

Sasa, hewa inayovutwa lazima itoke mahali. Mahali pake pa haki palikuwa dirisha la njiani. Lakini njiani yuko Mzee Athmani na kahawa yake, nami sikutaka kumpa sababu. Nikalielekeza bomba la kutolea hewa kwenye ule uwazi wa katikati ya nyumba, nikajiambia kama kuna vumbi lililobaki litapanda likaenda zake mbinguni, hakuna atakayeona wala atakayesema.

Siku ya kwanza kuiwasha nilikata mvule mpaka adhuhuri, kisha nikapitisha kiganja juu ya meza. Safi! Nikamwita Zuhura ashuke aone. Akashuka, akatazama, akatabasamu. "Mashallah," akasema, "sasa waweza kusali hapa." Nikafura kwa kiburi siku nzima.

Zuhura alikuwa mshoni wa kofia, zile za kutarizi kwa mkono. Mchana alipenda kukaa chumba cha ndani, maana kile cha mbele kilikuwa na jua kali na macho ya barazani. Chumba hicho cha ndani dirisha lake lilifungukia wapi? Kwenye uwazi ule! Nilikijua chumba hicho tangu utotoni, na sikufikiri hata kidogo. Akili yangu yote ilikuwa njiani kwa wazee.

Haukupita muda mrefu akaanza kukohoa. Kwanza kidogo, kisha kifua kikawa kinapiga mluzi akipanda ngazi. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akamsikiliza, akasema inaonekana ni pumu, akaniuliza, "Nyumbani kuna vumbi? Kuna kazi yoyote inayotoa vumbi?"

"Hakuna," nikamjibu. "Lilikuwako, nimelimaliza. Nimetengeneza kitu cha kulivuta."

Nikamweleza na namna nilivyokitengeneza! Daktari akatikisa kichwa kwa kunisifu, akaandika dawa. Zuhura alikuwa kando yangu, akisikia yote.

Tulipofika nyumbani akasema polepole, "Bwana, mimi naona huku juu kwanukia mvule siku hizi."

Nikamgeukia. "Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hapana mtu. Naisikia harufu."

"Mimi nakaa chini na mashine sikohoi. Wewe uko juu wakohoa. Yaingia akilini hiyo? Au ni maneno ya mamako?"

Hakuyarudia tena maneno yale.

Kwa nini nilimtaja mamake? Nitakwambia, na ukitaka kucheka ucheke. Nilipopeleka posa, mama mkwe hakunikataa. Alisema, "Tupe siku kidogo tufikiri." Baadaye akanikubali kwa wema, na harusi akaisimamia kwa moyo wake wote. Lakini ule muda wa kufikiri mimi nilikuwa nimeuweka. Alikuwa akifikiri nini? Alimtaka nani badala yangu? Mtu mwingine angesahau siku ya fungate.

Kisha nikaanza kuona jambo. Zuhura akienda Kuze kwa mamake akakaa siku mbili tatu, hurudi mzima. Anapumua, anacheka, anapanda ngazi akiimba. Akikaa kwangu siku mbili, kifua kinarudi. Akienda Kuze anapona. Akirudi Kibokoni anaumwa.

Mwenye akili angeuliza, nyumbani kwangu kuna nini? Mimi nikauliza, Kuze kuna nani? Vumbi nilikwisha kulimaliza, si nililiona kwa macho yangu kwamba limekwisha? Basi kama si vumbi, ni mtu. Na kama ni mtu, ni yule ambaye mkono wake ukiwa karibu mwanawe anapona, akiwa mbali anaumwa. Anamfunga akija kwangu, anamfungua akirudi kwake, mpaka nichoke nimwache. Nilivyoyapanga yakakaa sawasawa kama pembe za fremu. Astaghfirullah!

Tangu hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Akirudi Kuze natazama mkoba wake kabla sijatazama uso wake. Akileta bakuli la kaimati kutoka kwa mamake, nasema nimeshiba, kisha akienda kutia udhu nalimwaga. Namuuliza mlizungumza nini, nani alikuwako, mbona umechelewa, mbona umewahi. Mwisho nikampiga marufuku kuleta chochote kutoka kule, hata dawa ya kienyeji.

"Hata dawa?" akauliza.

"Hasa dawa," nikasema.

Akakaa kitako juu ya ngazi, akavuta pumzi kama mtu anayenyonya kitu kizito. Huruma niliiona ikinijia, wallahi niliiona. Nikaisukuma.

Siku moja aliniletea chai karakanani. Akaiweka, akakohoa sana akainama mbele ya sanduku la msumeno, mashine ikivuta, kisha akapanda. Baadaye kidogo akashuka tena, akawa anatazama chini, huku na huku.

"Watafuta nini?"

"Hukuokota kitu hapa?"

"Kitu gani?"

Akasita. "Basi. Si kitu."

Si kitu! Mtu anashuka ngazi na kifua kile kutafuta si kitu? Sikulala raha tena.

Haukupita muda, nikaenda kupeleka fremu kwa mteja. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Jirani mwanamke akanambia kupitia dirishani kwamba Zuhura alizidiwa, akashindwa hata kusema, akaenda kwa mamake akishikwa mkono. Badala ya kukimbilia Kuze kumjulia hali, nikakasirika! Ameondoka bila ruhusa yangu. Nikaingia karakanani kuzipunguza hasira kwa kazi, nikaanza kumwaga pipa la vumbi lililokuwa limejaa.

Na ndipo nilipokiona. Katikati ya unga wa mvule, kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe, kimefungwa kwa uzi mwekundu, uzi umezungushwa mara nyingi. Nikakibinya kwa ncha ya ubao. Ndani mna kitu cha chengachenga.

Mwili wote ukanisisimka! Kwetu, ukikuta kitu cha namna hiyo kimefichwa ndani ya nyumba yako, hukishiki wala hukifungui kwa mkono wako, maana ukikifungua umekipokea. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Sikukifungua. Hata kukinusa sikukinusa, na kama ningekinusa labda ningenusa mvule tu. Nikakinyanyua kwa koleo, nikakitia ndani ya mkebe wa maziwa, nikafunika, nikashika njia ya Kuze. Nilikwenda nikiwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyekuwa na haki siku zote.

Kwenye baraza la mama mkwe alikuwa amekaa kaka yake, Mjomba Saidi, na wazee wawili majirani. Nikapiga hodi kwa sauti kubwa. Mama mkwe akatoka mlangoni, leso kichwani.

"Masalkheri, mwanangu. Mbona wasimama? Ingia umuone mwenzio, sasa apumua kidogo."

"Siingii. Nimekuja kukurudishia kilicho chako."

Nikauweka mkebe barazani. Wazee wakatazamana.

"Changu kipi?"

"Ulichonifukia karakanani. Mwanao umemroga ili umtoe kwangu. Sasa Mungu amekifichua."

Mjomba Saidi akasimama wima. "Wewe! Wajua wasema na nani?"

"Mwateni," akasema mama mkwe. Sauti yake haikupanda. "Mwateni aseme, amalize."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha maliza. Akaketi barazani, akaufungua mkebe, akatia mkono wake mtupu ndani akakitoa kile kitu. Mimi nikarudi nyuma! Akaukata ule uzi kwa meno, akakunjua kitambaa juu ya kiganja. Ilikuwa habasoda. Habasoda nyeusi zilizotwangwa, zile zile zilizomo katika kila jiko la mji huu, ambazo mtu akibanwa na mafua au kifua hufungiwa kwenye kitambaa akanusa. Hata mimi marehemu mama alinifungia nilipokuwa mdogo!

"Nimezikaanga mimi," akasema. "Nikazitwanga, nikamfungia mwanangu anuse akibanwa. Akanambia umemkataza dawa, basi akawa azifunga kwenye pindo la leso asikuudhi, mpaka zikamponyoka kule karakanani kwako siku aliyokuletea chai. Uzi ni wa kushonea. Ndio uliokuwa karibu na mkono wangu."

Akawanyooshea kiganja wale wazee mmoja mmoja. "Nuseni. Msende mukalala na shaka juu yangu, mimi ni mtu mzima, nakaa na nyinyi."

Wakanusa! Wazee wenye ndevu nyeupe, majirani zake umri mzima, wakainama kunusa kiganja cha mwanamke yule ili ashuhudiwe kwamba si mchawi. Mmoja alikuwa akilia. Walipokwisha, mama mkwe alijifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kumtetemeka, na Mjomba Saidi akanionyesha njia kwa kidole.

Unadhani hapo nilijuta? Ningekuwa na bahati. Njia nzima nilijiambia, kabadilisha! Mkono wake uliingia mkebeni na kitu kingine, ukatoka na habasoda. Nilifika Kibokoni nikiwa nalisadiki hilo. Ndivyo maradhi yangu yalivyokuwa.

Zuhura hakurudi. Mimi nikajitupa kazini, nikakata mvule kutwa, siku baada ya siku, chakula nanunua, usingizi najilaza hapo hapo chini kwenye mkeka. Juu sikupanda. Siku nilipopanda nilikwenda kutafuta kanzu safi ya Ijumaa, na kanzu zetu zilikuwa chumba cha ndani.

Nikafungua mlango. Kila kitu kilikuwa na rangi moja. Kioo chake, kigoda chake, mto alioegemea, kofia aliyoiacha nusu na sindano ndani yake, vyote vimefunikwa unga mwepesi wa kahawia, laini kama poda ya mtoto. Nikaweka kidole juu ya kigoda, kikaacha alama. Nikaanza kukohoa. Chini, mashine ya kufyonza nilikuwa nimeisahau inanguruma, na pale dirishani, mwanga unapopita, niliona vumbi likiingia. Halikuwa likipanda mbinguni. Lilikuwa likiingia chumbani kwa mke wangu, pumzi baada ya pumzi. Marekani yangu ilikuwa ikizuia unga wa kuonekana tu, ule mwembamba ikiupitisha.

Kwa nini sikuwahi kuuona? Kwa sababu Zuhura alikuwa akiufuta. Kila siku, kabla sijapanda, alikuwa akifuta chumba kizima na kifua kile! Mara moja tu alinambia kwanukia mvule, nami nikamtupia mamake usoni. Basi akanyamaza, akachukua kitambaa, akawa anafuta.

Nilikaa chini kwenye lile vumbi nikalia mpaka swala ikanipita.

Nilikwenda Kuze nikiwa sina uso. Mama mkwe ndiye aliyenifungulia. Nilimwangukia miguuni palepale kizingitini, nikamwambia yote, bomba, dirisha, vumbi. Akanishika bega. "Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Nilikusamehe kabla hujaya. Lakini wale walionusa mkono wangu, watasahau?"

Akaniingiza sebuleni, akamwita Zuhura. Akaja, akasimama upande wa pili wa pazia. Nikaisikia pumzi yake, na ilikuwa safi, bila mluzi.

"Zuhura, lilikuwa vumbi. Vumbi langu. Bomba nimeling'oa, kesho nalielekeza njiani. Rudi nyumbani."

Akasogea karibu na pazia, asilifungue.

"Nalijua kwamba ni vumbi," akasema. "Nani atakayejua kama si mwenye kulifuta? Vumbi ningelikaa nalo, bwana. Ningefuta mpaka tuzeeke. Lakini siwezi kukaa na mtu ambaye nikikohoa hutazama nani amenikohoza. Leo ni mamangu. Kesho atakuwa nani? Nitakuwa mimi."

Nikaapa viapo vyote nivijuavyo. Alivisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zile zile, kisha akaomba talaka yake. Nilimpa, maana kumnyima kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma.

Aliolewa tena baadaye, na nasikia kifua hakikumsumbua tena. Mama mkwe alihama Kuze akaenda kukaa kwa mwanawe mwingine bara, na kila aliyeulizwa sababu alisema ni umri. Mimi najua si umri. Bomba nililielekeza njiani, na Mzee Athmani akasogeza kigoda chake hatua chache akaendelea na kahawa yake. Hilo tu! Kulikuwa hakuna shitaka, hakuna manispaa, hakuna lolote. Nililoliogopa lote lilitaka mtu asogeze kigoda.

Ndugu yangu uliyefungua karakana nyumbani kwako, nakusihi. Ukitengeneza kitu cha kuvuta vumbi usifurahie meza yako kuwa safi, uliza hewa ile inatokea wapi. Usiamini mfuko. Na mkeo, au mamako, au mwanao akikwambia juu hakukaliki, usimuulize nani kamfundisha kusema. Washa mashine yako, panda ngazi, ukae pale anapokaa, upumue anachopumua.

Panda angali yuko. Mimi nilipanda siku ambayo juu hapakuwa na mtu.